Dagane Bare na Mashimo Yaliyoinama

Assalamu alaykum, wazee wangu na ndugu zangu mliokusanyika hapa Garissa leo Ijumaa, tarehe 15 Machi 1957. Si ada yetu kumsomea maiti historia kabla ya kumfukia, nalijua hilo na maalim amekwisha kunikumbusha, lakini mjomba wangu Dagane Bare, abti kwa lugha yetu, aliusia isomwe, tena isomwe kwa Kiswahili ili watu wa ofisi waisikie bila mkalimani, na mimi Nuh, mwana wa dada yake, sina ubavu wa kuuvunja wasia wake.

Marehemu alizaliwa karibu na visima vya Wajir, yapata mwaka 1904, mtoto wa pili wa mzee Bare, akasoma chuo cha Kurani hadi akahitimu, masomo mengine hakuyapata, ingawa waliosoma kumzidi wamekula kwa akili yake, kama mtakavyosikia. Mwaka 1926 aliajiriwa kuongoza ngamia wa wapima barabara, tarehe 9 Juni 1930 akamwoa Shukri, binti wa mama Ebla, na Mwenyezi Mungu akawajalia watoto watatu, Olow, Maka na Duale.

Februari 1936 aliingia kazini kwa Bwana Pemble, Mzungu mchimbaji wa mambo ya kale, ambaye kwao Uingereza alikuwa amefukua kijiji cha mababu zake walioitwa Wasaksoni, akakitambua kwa madoa meusi ardhini mahali nguzo za nyumba zilipoozea, basi akaja kwetu na macho yaleyale. Mwendo wa siku moja kutoka Wajir, mahali ambapo marehemu ndiye aliyempeleka, walikuta vigae, mifupa ya ngamia, shanga za kioo na madoa yaliyopangika kwa duara, na Bwana akaamua kwamba ni kijiji cha wageni waliotoka ng'ambo miaka elfu moja iliyopita, kwa sababu, alisema, wachungaji hawajengi. Marehemu akapiga magoti, akatia kijiti katika shimo moja, kijiti kikainamia katikati ya duara, akatia katika la pili, kikainama vilevile, akajua papo hapo kwamba hazikuwa nguzo bali fito zilizopindwa, kama mama zetu wanavyozipinda mpaka leo kujenga nyumba ya mikeka, kwa hiyo waliokaa pale walikuwa wazee wetu. Aliyasema hayo mbele ya wakubwa waliokuja kutazama, na wakubwa wakamcheka Bwana.

Siku tatu baadaye, tarehe 21 Agosti 1936, ikasemwa shanga sita zimepotea, na Jelle, karani wa kambi, mtu tuliyekula naye sahani moja, akaapa mbele ya hakimu kuwa alimwona Dagane akizifunga kwenye shuka. Marehemu alifungwa miezi sita, akapasua mawe, akatoka na kikohozi ambacho hakikumwacha tena, akaitwa mwizi katika kila soko kutoka Mandera hadi hapa, na mwaka 1939 kitabu cha Bwana kikatoka, fito zilizoinama zimo, picha ya kijiti imo, jina la Dagane halimo.

Mjomba hakusahau, na mimi simwombei radhi kwa hilo. Bwana aliporudi mwaka 1951 kutafuta kijiji cha pili, hakumtambua yule mzee mwenye ndevu za hina aliyejitolea kumwongoza, naye akampeleka kwenye boma ambalo mama Ebla, mkwe wake, alilihama mwaka wa ukame wa 1933. Bwana alichimba wiki kumi na moja juani, akatoa majivu, akatoa mifupa ya mbuzi, akatangaza miaka elfu moja, akaitisha baraza, ndipo mama Ebla akateremka shimoni na fimbo yake, akasema kwa Kiswahili chake, "Hii jiko yangu. Hapa mimi nabikia mume yangu. Miaka elfu wapi? Mimi nazeeka namna hiyo?" Akachokora ukingo wa shimo kwa ile fimbo, kikaanguka kitako cha kikombe cha bati alichonunuliwa sokoni Wajir. Baraza zima liliangua kicheko, Bwana akaondoka kesho yake bila kuaga, na nasikia huko kwao hakupewa tena kuchimba hata shimo la taka. Nilifurahi siku ile, na nafurahi hata sasa nikisimama juu ya kaburi, Mungu anisamehe.

Kikohozi kilimzidi tangu Oktoba mwaka jana, akalazwa tarehe 2 Machi, akafariki jana Alhamisi alasiri, jina lake likiwa bado halijasafishwa. Familia inamshukuru daktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuletea maji na kuni, wapagazi wenzake wa zamani waliosikia amezidiwa wakatembea siku nne kufika hapa, na mama zetu walioko nyumbani na Shukri.

Limebaki neno moja la wasia. Marehemu amewasamehe wote waliomwita mwizi kwa kudanganywa, naye anaomba mumsamehe, na kila mmoja wenu atamtupia mchanga mara tatu kwa mkono wake kama ilivyo ada, isipokuwa wewe, mzee Jelle. Nakuona hapo nyuma ya Olow, umekwisha chota. Abti alisema mchanga wako usimguse mpaka uape, kwa Kurani iliyo mkononi mwa maalim, kwamba ulimwona na zile shanga. Ukiapa, tupa. Huwezi kuapa, fungua mkono.

Ameufungua. Mmejionea wenyewe, wazee. Pumzika, abti, sasa amani unayo. Leteni majembe.