Mkwaruzo au Laini

Benchi letu liko pale kona, mbele ya kibanda cha Fundi Saa, na mguu wake mmoja umeegemea tofali tangu tukiwa vijana. Wenyewe ni wanne: Fundi mwenye kibanda, Wakili, ambaye mahakamani aliingia mara moja tu, tena kama shahidi wa kesi ya mbuzi, Redio, asiyezimika, na mimi, Golikipa. Kahawa anatuletea Mama Birika, na mlipaji tunampata kwa kurusha sarafu ya kale aliyoiacha marehemu baba yake Fundi. Leo sarafu haipo. Fundi alisafiri nayo mfukoni kwenda kumtembelea bintiye ng'ambo, na aliporudi jana watu wa forodha wakaizuia. Benchi zima lina msiba.

Wakili: Hii ni dhuluma! Cha baba ni cha mwana.

Fundi: Afande hakunitukana, jamani. Kasema sarafu za kale haziingizwi bila kibali na ushahidi wa zilikotoka. Watu wanafukua magofu na makaburi, wanauza.

Wakili: Wewe umefukua kaburi la nani?

Fundi: Baba aliiokota akichimba msingi wa nyumba yetu. Si ile pale?

Wakili: Ndiyo hapo! Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mzee aliinama, akapata. Sheria inamdai nini tena?

Mimi: Aliinama kuchimba msingi, Wakili. Hakuwa anatafuta sarafu.

Wakili: Kuinama ni kuinama.

Redio: Mnabishana juu juu. Mimi nimesikia wakubwa wa dunia wanazikusanya hela zote za kale. Wakishaipata ya mwisho, hizi zetu za leo zinageuka vifuniko vya soda.

Mimi: Na ya mwisho ni ya Fundi?

Redio: Sasa wameizuia ya nini? Simba mwenda pole ndiye mla nyama!

Fundi: Simba kaingiaje hapa?

Redio: Kaingia pole pole.

Wakili: Mwenye kutunza naye ana haki zake! Bila watu kama Mzee, vitu hivyo vingeshayeyushwa zamani vikawa vijiko.

Fundi: Na wasipozuia, utaamka ukute mtu anachimba chini ya kitanda chako. Hata mimi ningekuwa afande ningezuia. Lakini hii si ya kuuza, ndugu zangu. Imezaliwa hapa, imekwenda kutembea, inarudi kwao inaulizwa kibali!

Siku aliyoiokota, Mzee aliikwaruza kwa bisibisi aone kama ni dhahabu. Haikuwa, akampa mwanawe achezee. Upande mmoja tukauita mkwaruzo, wa pili laini, na aliyeangukiwa na mkwaruzo ndiye aliyeshindwa. Ndiyo iliyoamua nani akae golini, na mimi nilishindwa kila jioni mpaka jina likaniganda. Ndiyo iliyoamua nani atangulie kupeleka posa kwa jirani. Akatangulia Redio, akakataliwa, na Wakili yuko na binti yule mpaka leo. Mzee, fundi saa kabla ya mwanawe, alikuwa akituchungulia dirishani, lenzi jichoni, akicheka peke yake.

Hapo akafika dada mmoja, mgeni wa mtaa, na saa ya ukutani kwapani. Hajakaa sawasawa, Wakili keshammwagia kisa chote.

Dada: Poleni wazee wangu. Sasa kesho huko forodhani wanataka nini?

Fundi: Nikaieleze ilivyo. Maelezo yakilingana nayo, wataendelea kunisikiliza. Yasipolingana, ndiyo basi tena.

Dada: Kwani ina picha gani?

Wakili: Simba.

Redio: Simba wapi! Mwanamume mwenye ndevu.

Mimi: Mti. Mti kabisa, nauona.

Tukamgeukia mwenye mali.

Fundi: Miaka yote ile tulikuwa tunaitazama ikiwa hewani. Ikitua, tunatafuta mkwaruzo tu.

Hata Redio akazimika. Dada aliishika saa yake, akaangalia chini kama aliyevunja kikombe cha watu.

Fundi akafumba macho. Kidole gumba kikaanza kupita taratibu juu ya kidole cha shahada, pasipo na kitu.

Fundi: Mkwaruzo unaanzia ukingoni. Unakuja, unakuja... hapa katikati unapinda kidogo, bisibisi ilipomteleza baba. Nitamwomba afande afumbe macho, aipapase.

Dada: Na akisema yeye anataka picha?

Mama Birika akaja kukusanya vikombe. Kahawa ilikuwa imekwisha, na habari za forodha hakuna aliyekuwa amempa. Akauliza kama anavyouliza siku zote:

— Haya wazee, leo nini? Mkwaruzo au laini?

Fundi hakufumbua macho. Kidole chake bado kilikuwa kinatembea.

— Mkwaruzo, akasema, na mkono wa pili ukaingia mfukoni, akatulipia wote.