Phineas Kipngetich, Mlinzi wa Kiota cha Tai

Wapendwa, tunamshukuru Mungu aliyetuazima Phineas Kipngetich Kiplagat kwa miaka hamsini na saba. Haya tunayoyasoma tumeyaombea kwanza, na mkewe, Mumbi, ameyakubali yote.

Phineas alizaliwa tarehe 3 Mei 1968 huko Litein, Kericho, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Kiplagat na marehemu Mama Chelagat. Mama alipenda kusimulia jinsi alivyomwacha alinde vifaranga, akarudi na kukuta mwewe amechukua viwili, na kijana bado ameinua uso juu. Alipoulizwa alikuwa akifanya nini, alijibu, "Lakini Mama, umemwona anavyoruka?" Alichapwa, na bado aliendelea kutazama juu.

Alisoma shule ya msingi pale pale Litein, akamaliza kidato cha nne mjini Kericho mwaka 1986. Alijifunza ufundi wa mitambo na kufanya kazi katika kiwanda cha majani chai hadi alipokuja huku Marekani, jimbo la Maryland, mwezi Machi 2002. Kazi yake ya kwanza huku ilikuwa kupakia mizigo kwenye ghala moja la Landover. Hapo ndipo alipokutana na Ndugu Laurean, kijana wa Bukoba aliyekuwa ameanza kupiga video za harusi. Walipanga chumba kimoja na kununua gari moja. Tangu mwaka 2009 Phineas alikuwa dereva wa makao ya wazee Oxon Hill. Wazee wale walimpenda kwa sababu akitoka nao hospitali alipitia njia ya mtoni, akasimamisha gari, akawaonyesha tai wenye vichwa vyeupe.

Tarehe 18 Agosti 2007 alifunga ndoa na Mumbi, na wasimamizi wao walikuwa Laurean na mkewe Violet. Sisi tunajua maana ya msimamizi. Si mtu wa kushika pete siku moja. Ni ndugu, nyumbani kwako habishi hodi, na ndoa ikitikisika yeye ndiye wa kwanza kuingia. Mumbi alipokasirika kwamba Phineas amenunua darubini na kuificha nyuma ya kabati, Laurean alikuja, akasikiliza pande zote mbili, kisha akasema, "Shemeji, kuna wanaume wanaficha wanawake. Huyu wako anaficha darubini. Mshukuru Mungu, uongeze ugali." Tunaandika hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu wema wake wa zamani ndio unaotuumiza zaidi.

Kuanzia mwaka 2012 Phineas alijitolea katika tamasha la tai, linalofanywa na majirani wa kando ya mto Potomac kila Jumamosi ya pili ya Februari. Wengi wenu mliwahi kwenda kwa sababu yake. Mlikunywa chai yake ya maziwa kwenye baridi, mkawaona watoto wamevaa midomo ya karatasi, mkapanga foleni kwenye darubini. Aliwachokoza wanaume wa kanisa letu: "Tai dume naye hulalia mayai. Wewe Anatoli, mara ya mwisho kumfunga mtoto nepi ilikuwa lini?" Anatoli akamjibu, "Tai hana zamu ya usiku, bwana."

Wageni wa tamasha hutazama kiota kutoka ng'ambo ya kijito. Njia ya kufika chini ya mti wenyewe huambiwa walinzi wachache tu, kwa sababu tai akisumbuliwa wakati wa kulalia anaweza kuondoka, na mayai hayastahimili baridi. Kamati ya tamasha ilimwamini Phineas, ikamwonyesha njia hiyo. Hakumwonyesha Mumbi wala watoto. Januari 2023 alimwonyesha Laurean. Mumbi alipomuuliza kwa nini, alisema, "Mtu aliyesimama nami madhabahuni nimfiche njia ya msituni?"

Siku ya tamasha mwaka ule, wakati Phineas anawagawia wazee blanketi, droni, kile kindege cha kamera, ilirushwa kutoka chini ya mti ule ikaruka juu ya kiota. Tai waliondoka. Siku tatu walinzi walisubiri, na hawakurudi. Video yenyewe ilizunguka katika kundi letu la WhatsApp kabla ya kufutwa. Tuliitazama, tukaandika amina. Sauti inayosimulia ndani yake si ya Phineas, na kila aliyeisikia anajua ni ya nani.

Kamati iliita kikao. Laurean alikuwepo, maana ndiye aliyewapigia picha za tamasha. Mwenyekiti aliuliza nani ameitoa siri ya njia. Phineas alisimama, akasema, "Njia niliionyesha mimi." Akaulizwa alimwonyesha nani, akanyamaza, akimpa mwenzake nafasi ya kusema. Mwenzake alishughulika na kamera yake. Phineas aliondolewa, na mbele za watu akaitwa mtu asiyeaminika. Majira yaliyofuata, koti la kijani la waelekezi wa tamasha lilivaliwa na Laurean.

Mwezi Mei mwaka huu madaktari walimkuta na saratani ya kongosho. Alivumilia matibabu bila kulalamika, akiomba aimbiwe nyimbo za Kikipsigis. Kila Jumapili aliuliza kama Laurean amepita. Kilichofika ni ujumbe kwenye simu: nitapita wikendi. Mumbi alimwambia, "Basi mwite, myamalize." Akajibu, "Msimamizi haitwi, mama Cheryl. Anakuja." Alilala katika Bwana Jumanne, tarehe 2 Desemba 2025, asubuhi, Mumbi akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane wake Mumbi, watoto wake Cheryl na Gichuki, dada zake wawili walioko Litein, na wazee wa Oxon Hill waliokuja leo kwa viti vya magurudumu. Kwa desturi yetu msimamizi huandikwa hapa pamoja na familia. Hatukumwandika.

Lakini nafasi yake ya kuzungumza hatukuifuta kwenye ratiba, na ndiyo inayofuata sasa. Mwenyekiti wa kamati ya tamasha amekuja, na Cheryl ameketi kando yake ili amtafsirie. Ndugu Laurean, hatukuombi utuombe msamaha. Hayo ni yako na Mungu. Tunachoomba ni umwambie mwenyekiti aliyerusha ile droni ni nani, jeneza likiwa bado juu ya ardhi.

Bwana ampokee Phineas, ampe pumziko alilonyimwa na watu wake.