Mikono ya Daktari Mifukoni

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu, na kama mboga imeiva, epueni. Leo tunamkumbuka Loisi, mjane wa Iyula, mkulima wa kahawa. Loisi tumeshamzika. Mimi ni mama mwenye mabinti, na nitaongea kama mama.

Loisi alifiwa na mume akabaki ukweni, akilima shamba la marehemu na kulea watoto wake, Goodness na Ezron. Siku za soko alipeleka maparachichi Tunduma. Siku moja kisu kilimkata kiganja mbele ya duka la vitenge la Bi Sabra. Ndani alikuwamo kaka yake Sabra, Abdulwahab, mstaafu, mtu nadhifu. Alisema alikuwa daktari wa upasuaji kwenye meli za jeshi. Akamwelekeza dada yake: osha hapa, bana pale, funga hivi. Yeye mwenyewe mikono yake ilikuwa mifukoni.

Mapenzi yalianzia hapo, wasikilizaji. Na mashaka yalianzia hapo hapo.

Mama yake Loisi, Bibi Tabita wa Isansa, aliniambia: "Nilimuuliza, mwanangu, daktari gani huyo anaogopa kugusa damu? Na bahari iko wapi huku kwetu? Akacheka tu. Akasema, mama, yeye ananihadithia mawimbi, mimi namhadithia mbolea."

Jumapili Abdulwahab alipanda mpaka Iyula. Yeye ni Mwislamu, basi alikaa nje ya kanisa mpaka ibada iishe, akatembea na Loisi kurudi nyumbani. Mikono mifukoni. Watu wakasema, anayeficha mikono anaficha na mengine. Hata mimi ningesema.

Ukoo wa marehemu mume wa Loisi una desturi yake. Mwanaume anayemtaka mjane wao hupewa jogoo amchinje mbele ya wazee, waone moyo wake na mkono wake. Abdulwahab akapewa kisu. Mkono ukatetemeka. Ukatetemeka mpaka kisu kikaanguka, jogoo akakimbilia kwenye mibuni.

Emanueli, shemeji yake Loisi, akapiga makofi. "Huyu kapasua watu gani? Labda dagaa!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Abdulwahab akasema taratibu, "Mkono huu ndio ulionistaafisha." Hakuna aliyemjali. Akaambiwa asirudi.

Lakini alirudi, wasikilizaji. Loisi aliugua tumbo, upande wa kulia, chini. Alikuwa anatapika. Goodness, binti yake, ndiye aliyempigia simu. Abdulwahab alikuja na gari la kukodi. Akabonyeza tumbo kwa ule mkono wake, akasema, "Hiki ni kidole tumbo. Apelekwe hospitali sasa hivi. Kikipasuka tutampoteza."

Emanueli akasimama mlangoni. "Kidole tumbo nini? Hilo ni chango. Mchemshieni mizizi. Huyu bwana anatafuta njia ya kumtorosha!"

Bibi Tabita alikuwepo. Anasema Loisi alimvuta kanga akamnong'oneza: "Mama, nikipanda gari lake bila idhini yao, watasema nimeolewa. Shamba watachukua. Watoto wangu watakula wapi?"

"Na mimi," anasema Bibi Tabita, "nilimwambia subiri. Nilimwogopa yule mwanaume. Nilijua wakwe watafanya kweli."

Basi Loisi akasubiri. Kesho yake wakwe walimpeleka hospitali wenyewe. Kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka. Mganga wa zamu aliuliza swali moja tu: "Mbona hamkuja jana?"

Loisi hakurudi nyumbani akiwa hai.

Siku ya mazishi Abdulwahab alisimama mbali, kwenye mibuni, mikono mifukoni. Watu wa ukoo walipomaliza kutupa udongo, Emanueli alimfuata. Akamwita mbele ya watu wote, "Daktari, njoo." Abdulwahab akatoa mikono mifukoni. Akachota udongo, na mwingi ukamwagika njiani kabla hajafika kaburini. Safari hii hakuna aliyecheka.

Nilimuuliza Bibi Tabita kama sasa anamwamini. "Meli yake sijaiona mpaka leo," akasema. "Ila tumbo la mwanangu alilijua."

Pole sana Bibi Tabita. Poleni Goodness na Ezron. Pole Emanueli, najua hulali. Na wewe Daktari, kama unasikiliza hapo dukani Tunduma, pole.

Kina mama wenzangu, sisemi kila mgeni mfungulieni mlango. Hapa ni mpakani, wanapita watu wa kila namna. Mimi mabinti zangu nitaendelea kuwauliza: huyu ni nani, katoka wapi, nani anamfahamu? Lakini mgonjwa afike hospitali kwanza, kwa gari la yeyote. Na mjane asiogope kupona kwa sababu ya shamba.

Mwanaume mnayemshuku mtamchunguza hata mwakani. Tumbo halisubiri.