Dishon Mukhwana na Kigingi cha Kumi na Nne

Marehemu Dishon Mukhwana alizaliwa mwaka 1928. La, tusahihishe hapo hapo: 1928 ni mwaka alioandikiwa kwenye kipande, kitambulisho cha enzi ya mkoloni, na karani aliyekuwa na haraka zake. Alizaliwa 1926, karibu na Kimilili, mwezi uleule kanisa la kijijini kwao lilipovuliwa nyasi na kuezekwa mabati. Mama yake alikuwa na hakika, na mama yule hakuwa mtu wa kubishiwa. Marehemu alirithi hilo.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Angeendelea, ila mwalimu alimtaka aombe radhi kwa hesabu ambayo Dishon alikuwa ameipata sawa. Alisimamishwa nje siku tatu, mvua ikimnyeshea. Hakuomba. Akarudi kuchunga ng'ombe.

Mwaka 1947 alishuka Mombasa kwa treni, akapata kazi ya kutandaza nyaya za simu relini. Tarehe 6 Septemba 1952 alifunga ndoa na Nasipwondi, wakapanga chumba Mji wa Kale, nyuma ya Ndia Kuu, kwa fundi Badawi, mchonga milango. Wenzake wa bara walimwuliza mbona hakai nao. Alijibu kwamba Nasipwondi amelipenda dirisha, na maneno yakaishia hapo.

Mwaka 1964 aliajiriwa na kampuni ya kupima udongo. Upande wa magharibi wa kisiwa palikuwa na tope la hori, ule mkono wa bahari uingiao nchi kavu, ambapo vibarua wa bandarini walitakiwa kujengewa nyumba. Mtu akiingia, lilimmeza hadi kiunoni. Basi kililetwa kigari kisicho na dereva, chenye minyororo mahali pa magurudumu, na mrija wa chuma wa kuchotea udongo wa chini. Dishon alikaa ukingoni juu ya kreti ya soda, sanduku la vitufe mapajani, akikiendesha kwa waya mrefu: kwenda, kukata kona, kuzamisha mrija penye kila kigingi cha alama kilichosimikwa topeni, kurudi. Waliokuja nacho walikuwa wamekikwamisha mara mbili. Yeye hakukikwamisha hata mara moja, kwa kuwa waya aliupitisha juu ya kidole, na ukianza kukaza tu, alijua tope limeshika.

Siku moja minyororo ililia, akamwomba Badawi aipake mafuta. Badawi akaipaka mafuta ya papa, yale yanukayo ya kupaka majahazi. Kesho yake kigari hakijafika kigingi cha tatu, kunguru wa mji mzima walikuwa juu yake wakikidonoa.

"Badawi, umenifanyia nini?"

"Si ulisema ni kitu chenda majini? Cha majini hupakwa haya, ndugu yangu. Kwani kunguru wamekwambia si mazuri?"

Dishon alicheka hadi akaanguka kutoka kwenye kreti, naye hakuwa mtu wa kucheka kazini.

Ndipo wakafika kigingi cha kumi na nne. Juu palikuwa pamekauka kama sakafu, lakini mrija ulitoka na uji mweusi, na hata ulipozamishwa kimo cha watu watatu haukugusa kigumu. Dishon alikirudisha kigari pale mara saba. Uji uleule. Msimamizi, Bwana Kingi, akaleta ripoti iliyokwisha pigwa chapa kwamba udongo wote ni imara, mwendeshaji atie sahihi.

"Kigari hakina akili, Dishon."

"Ndiyo maana hakijui kudanganya, bwana."

"Una watoto watatu wewe."

"Na watakaolala pale, wana wangapi?"

Alifukuzwa siku hiyohiyo, Ijumaa tarehe 18 Machi 1966. Ripoti bila sahihi yake haikupita, na nyumba hazijajengwa hadi leo. Yeye alikaa barazani kwa Badawi akitengeneza redio za watu, na kila mwezi aliiandikia kampuni barua.

Kifua kilimwanza mwaka jana. Mwezi uliopita alilazwa, naye Bwana Kingi akaja hadi kitandani na karatasi ileile.

"Tia sahihi tu, upumzike."

"Kupumzika nitapumzika bila kalamu," alisema marehemu, akageukia ukutani.

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Novemba 1969, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Nasipwondi.

Ameacha mjane, Nasipwondi; watoto Seth, Levi na Nanjala; ndugu yake mkubwa, Barnabas; na rafiki yake Badawi, aliyelichonga jeneza hili peke yake na kukataa kusaidiwa. Mungu amlaze pema, katika ardhi isiyozama.

Barua zake zilikuwa arobaini na mbili, zote na swali moja, na hakujibiwa hata moja. Wenye kampuni wamo hapa leo, basi na lisomwe tena kama alivyoliandika: kama ardhi ya kigingi cha kumi na nne ni imara, mbona hakuna hata mmoja wenu aliyekubali kwenda kusimama pale?