Babu Nyani wa Bombambili na Mashua ya Mkwe

Jina la ubatizo ni Polikarp, la baba yake Remigi, la ukoo Mbano. Lakini nusu ya mliofika hapa leo mmemwambia bodaboda, "Nipeleke msibani kwa Nyani," na bodaboda amewaleta bila kuuliza mara ya pili. Babu mwenyewe alituagiza sisi wajukuu zake jina hilo lisomwe. "Mkilificha watalisema chinichini," alisema, "na mimi sitakuwepo kuwajibu."

Lilianza Jumapili ya tarehe 17 Julai 1988. Asubuhi hiyo Babu alikuwa ameamka mapema akapaka chini ya mashua yake rangi nyekundu, mkono wa pili. (Ndiyo, mashua. Ndiyo, hapa Songea. Maelezo yanakuja, tulieni.) Mashua ilikuwa imelazwa kifudifudi uani juu ya magogo. Kengele ya misa ikalia, akanawa, akavaa suruali yake ya kaki ya kanisani, halafu akakaa juu ya mashua kidogo tu, afunge kamba za viatu. Baridi ya Songea mwezi wa saba haikaushi rangi mapema, na Babu alilisahau hilo mpaka alipopiga magoti benchi la pili kutoka mbele, kanisa zima likiwa nyuma yake. Kwaya ilipoteza sauti. Walipotoka nje, rafiki yake Saimon, fundi baiskeli, akamwambia mbele za watu, "Bwana Mbano, hongera, leo nyani naye amekuja kusali." Bibi yetu Notburga, badala ya kumtetea mumewe, alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi za kanisa. Jina likishabarikiwa na mke halitoki tena. Hata grupu letu la wasapu linaitwa Ukoo wa Nyani, admini alikuwa ni yeye, na amewahi kumrimuvu mjomba Aidani mara tatu kwa kutuma stika ya nyani saa ya sala.

Marehemu alizaliwa Lilambo tarehe 26 Januari 1950, siku ya Mtakatifu Polikarpo kwa kalenda ya zamani, kwa hiyo wazazi wake hawakusumbuka kutafuta jina. Alikuwa mtoto wa nne kati ya saba. Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia mwaka 1959, akamaliza darasa la nane mwaka 1966. Alikuwa anatuambia kwamba hesabu alikuwa wa kwanza. Dada yake, Bibi Oliva, aliyesoma naye, yupo hapa na anatikisa kichwa.

Mwaka 1967 alijiunga na mafunzo ya useremala Peramiho, akatoka mwaka 1970 akiwa fundi wa vitanda, milango na madawati. Mwaka 1972 aliajiriwa na halmashauri, na kazi hiyo aliifanya mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2010. Madawati yake bado yapo. Kama ulisoma Songea miaka ya themanini na dawati lako halikuyumba, mshukuru. Kama liliyumba, alitengeneza mwingine.

Mwaka 1974 alipelekwa Mbamba Bay, huko ziwani, kurekebisha mapaa ya shule kwa miezi mitatu. Akakaa miaka minne. Sababu ya kuchelewa inaitwa Notburga, binti wa Mzee Raphael Challe. Babu, Mngoni wa nchi kavu, aliyekuwa anaogopa hata maji ya kuoga ya mwezi wa sita, alijifunza kuendesha tanga kwa ajili ya msichana. Ndoa ilifungwa Jumamosi tarehe 8 Oktoba 1977.

Mzee Raphael hakuwa na mtoto wa kiume. Mwaka 1986, nguvu zilipomwishia, alimwachia mkwewe mashua yake ya mbao kwa sharti moja: chini yake atapaka mwenyewe. Si fundi wa kulipwa, si jirani. Alisema mkono unaokwangua ndio unaojua ubao upi umechoka. Babu wakati huo alishahamishiwa Songea na likizo zake zilikuwa fupi. Basi kila baada ya mwaka mmoja au miwili mashua ilipandishwa kwenye Fuso, ikapita Mbinga, ikaletwa hapa Bombambili kupakwa chini, halafu ikarudishwa ziwani. Majirani walimuuliza kama amepata ujumbe wa gharika. Alijibu, "Nimepata, na majina yenu hayamo."

Tatizo lilikuwa moja. Mashua ile iliitwa Kunegunda, jina la mama mkwe. Na mama mkwe, mnajua wenyewe, hatajwi hovyohovyo, sembuse kusema mbele za watu kwamba leo nakwangua chini ya Kunegunda. Babu akaiita Mheshimiwa. "Leo namhudumia Mheshimiwa." Wageni wengi waliondoka hapa wakiamini nyumba ina mbunge.

Tunafika sasa mahali ambapo Babu alitaka pasomwe na mjomba Mathias alitaka parukwe. Walikubaliana pasomwe.

Mwaka 2009 mashua ilifika hapa mwezi wa sita, na Babu akapelekwa Tunduru kikazi kwa wiki saba. Mjomba Mathias, mwanawe wa pili, alikuwa na miaka ishirini na saba, akataka kumfurahisha baba. Jua na upepo wa huku vilikuwa vimekausha mbao mpaka nafasi kati ya ubao na ubao ikaingia sarafu. Mtu wa ziwani angejaza pamba kidogo, kisha angeizamisha mashua kwenye maji mafupi siku mbili ili mbao zinywe, zinenepe, zijifunge zenyewe. Mjomba alikuwa mtoto wa Bombambili. Alijaza puti ya madirisha, ikakauka ngumu kama jiwe, akapaka rangi nyekundu juu. Ilipendeza kuliko siku zote.

Babu aliporudi aliuliza, "Umeziba vizuri?"

"Baba, haiingizi hata tone. Hakuna haja ya kuizamisha."

Aliamini, kwa sababu aliyesema ni mwanawe. Jumamosi tarehe 5 Septemba 2009 akaingia ziwani na Bibi na magunia mawili ya muhogo. Mbao zilipoanza kunywa maji na kunenepa, puti haikuwa na pa kwenda, ikatoka vipande vipande pamoja na rangi yake. Bibi alichota maji kwa sufuria ya ugali huku akimtaja kila mtakatifu anayemjua. Wavuvi waliwafikia mashua ikiwa imebaki midomo tu juu ya maji. Hakuna aliyekufa. Lakini Bibi alikuwa hajui kuogelea, na Babu alikuwa anajua kwamba hajui.

Alirudi Songea akamwambia mwanawe maneno mawili: "Usiiguse tena."

Mjomba hakuigusa kwa miaka kumi na sita. Hawakuwa maadui. Waliongea mahindi, waliongea Simba na Yanga, walipigiana simu kutoka Namtumbo ambako mjomba anafundisha. Ila mashua ikitajwa, mmoja alikumbuka ana kazi nje. Mwezi wa kupaka ukifika, mjomba alikuwa na semina. Aisee, hakuna mwalimu nchi hii aliyehudhuria semina nyingi kama yeye.

Mwezi Machi 2024 Babu alianza kulalamika mgongo. Aprili hospitali ikasema ni saratani ya tezi dume, na imeshafika kwenye mifupa. Alitibiwa kwa mwaka mmoja na zaidi, kwa uvumilivu ambao hatukumjua nao. Juni 2025 madaktari walituambia kwa upole kwamba sasa ni kupunguza maumivu tu. Babu aliomba kitu kimoja: Mheshimiwa aletwe. Alikuwa na hofu, na hakuificha. Alikuwa anaogopa kuondoka mashua ikiwa chafu na akiwa hana wa kumkabidhi, maana sharti la mkwe lilikuwa bado linamkaa rohoni.

Ikaletwa tarehe 12 Julai. Ikapinduliwa kwenye magogo. Babu akatoka na blanketi na kikwanguo, akakwangua kipande cha kama kiganja, kikwanguo kikamponyoka. Akakiokota. Kikamponyoka tena. Akakaa kwenye kiti, na kwa siku tatu hakuongea na mtu. Hata kwenye grupu hakumrimuvu mtu yeyote, ndipo tukajua hali ni mbaya.

Mjomba Mathias alikuwa anakuja kila mwisho wa wiki kumwogesha na kumgeuza kitandani. Jumamosi iliyofuata Bibi aliwakuta wawili hao uani, wote wanaangalia upande mwingine, mashua katikati.

"Baba Monika," akamwambia mumewe, "mkono huo ndio unaokuogesha. Unaogopa usije ukamgusa mama yangu?"

Babu akaitazama mashua. Halafu akasema, "Mathias. Msasa uko chini ya kitanda."

Wiki saba zilizofuata ndizo tulizoishi kwa raha kuliko zote za mwaka huu. Mjomba alikwangua utelezi wa kijani uliokauka, kuanzia mkuku, ule uti wa mgongo wa mashua, akapiga msasa, akajaza pamba, akapaka. Babu alikuwa kwenye kiti, blanketi mpaka shingoni, anatoa amri.

"Unakwangua au unambembeleza?"

"Baba, naogopa kuumiza mbao."

"Ulishaziumiza 2009, zimeshakusamehe. Kwangua."

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Umeshanisamehe?"

"Pale umeruka. Hapo pembeni ya mkuku. Huoni?" Na baada ya kikohozi kirefu: "Ningekuwa sijakusamehe ningekupa brashi yangu?"

Mjomba aligeukia mashua akapaka sehemu moja ileile kama dakika kumi. Hatukumsogelea.

Alhamisi tarehe 11 Septemba Fuso liliondoka na Mheshimiwa. Jioni wakaizamisha kwenye maji mafupi, na Jumamosi tarehe 13 mjomba akachota maji yote, akasubiri kwa muda wa saa tatu, akapiga simu ya video. Nyumba nzima tulikuwa chumbani kwa Babu, wengine juu ya kabati la nguo. Hakuna aliyekuwa na hamu ya kutania. Tulijua kama mashua ile inavuja, Babu ataondoka na uchungu wake na mjomba atabaki na wake.

"Geuza simu," Babu akasema. "Nionyeshe ndani. Chini kabisa, kwenye mkuku."

"Hapo, Baba."

"Naona kinachong'aa. Ni maji?"

"Yapo kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama kikombe."

"Kikombe cha chai au cha padre?"

"Cha chai, Baba."

"Yanaongezeka?"

"Nimeweka alama ya mkaa tangu asubuhi. Hayajaifikia."

Babu akafumba macho. Sote tukadhani maumivu yamerudi, Bibi akashika chupa ya dawa. Kumbe anacheka. "Imekunywa, imeshiba," akasema. "Mathias, ni yako. Chini utapaka mwenyewe."

Upande wa pili simu ilianguka, tukaona mbingu ya Mbamba Bay kwa muda mrefu sana na kumsikia mwalimu mzima analia.

Kuanzia siku hiyo Babu alilala. Alilala kweli, usingizi wa mtu aliyemaliza zamu. Dawa zilizokuwa hazimtoshi zikaanza kumtosha. Alipokea mpako wa wagonjwa akiwa na akili timamu, akamwomba padre msamaha kwa suruali ya 1988. Alifariki nyumbani Ijumaa tarehe 10 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, Bibi akiwa ameshika mkono wa kulia na mjomba Mathias wa kushoto. Tunalia, msituone wagumu. Lakini tungekuwa waongo tusiposema pia kwamba tumepumua. Maumivu yake yameisha, na hakuondoka na kinyongo.

Ameacha mjane, Notburga, wa miaka arobaini na minane ya ndoa na maelfu ya vicheko. Ameacha watoto watatu: Monika, Mathias na Aidani, ambaye tangu leo ndiye admini, Mungu atusaidie. Ameacha dada yake Oliva, wajukuu tisa, kitukuu mmoja anayeitwa Noela, rafiki yake Saimon anayedai haki miliki ya jina, na mashua moja inayoelea.

Bwana ampe Polikarp wetu pumziko lisilo na maumivu, na amani aliyoanza kuionja akiwa bado nasi.

Tuna ombi. Katika miaka ile kumi na sita, mashua ilipakwa mara tisa, na mjomba Mathias hakuwepo hata mara moja. Hajui Babu aliimba nini akikwangua, alimtukana nani, alikaa upande gani wa kivuli, alisema nini juu yake. Ninyi mlikuwepo: majirani mliosaidia kuipindua, dereva wa Fuso, wavuvi mliosafiri toka Mbamba Bay. Tukitoka makaburini mjomba atakaa pale uani na daftari. Msimpe pole tu mkapita. Kaeni, mpeni stori moja kila mtu. Hata kama ni ya aibu. Hasa kama ni ya aibu.