Nafasi ya Mtu wa Mia Mbili

Nilikaa nyuma ya abiria wawili kwenye basi, nikijifanya nasoma simu iliyokwisha chaji. Mama mmoja alivaa sare ya hifadhi ya bahari, ambako huketi dirishani kuhesabu watalii wanaoingia. Jirani yake wa kiti alikuwa fundi viatu. Walikuwa wamejuana dakika kumi tu, na tayari fundi anamhoji kama mkwe mtarajiwa.

“Sasa mama, umesema kikomo ni watu mia mbili kwa siku. Mbona unafunga kwenye mia moja tisini na tisa?”

“Hiyo moja ni ya mwanangu. Alipanda meli miaka tisa iliyopita, akasema atarudi siku yoyote. Namjua, akija hapiti nyumbani, ataanzia kuogelea. Nije nimwambie pamejaa?”

“Na bosi wako?”

“Kila mwezi ananiuliza. Namwambia watalii wamepungua.”

“Wamepungua mmoja!” Fundi alicheka mpaka kopo la gundi likamdondoka. Mimi nilibana kicheko, maana nilikuwa nasoma.

“Lakini mama yangu, hao unaowarudisha, kama mmojawapo ndiye yeye?”

“We! Mwanangu nitamjua hata kwa kisogo.”

“Aliondoka ana umri gani?”

“Kumi na saba.”

Basi likasimama kituo cha hifadhi. Kondakta akagonga bati mara mbili, lakini mama hakuinuka.

“Jana,” akasema taratibu, “kuna kijana wa ndevu nilimwambia pamejaa. Hata uso sikuinua.”