Kisima cha Abei, Ambacho Ramani Ilimpa Mgeni

Ejok, wazee wangu. Ejok, mama zangu, na nyinyi majirani mliokuja kwa miguu kutoka kambini. Mimi ni Namoni, kitinda mimba wa marehemu, na familia imeniweka nisome maisha ya baba kwa sababu, walisema, mimi ndiye mwenye mdomo. Basi mniwie radhi, mdomo wenyewe nimekuja nao.

Marehemu Yosia Losike Abei alizaliwa hapa hapa mliposimama, kwenye visima vya mchangani kando ya mto Tarach, nje kidogo ya Kakuma, akiwa mtoto wa tatu wa Abei, aliyevichimba visima hivyo, na tarehe yake ya kuzaliwa, 1 Januari 1940, alipewa shuleni, na mwalimu aliyemtazama meno akakadiria, kama anavyokadiriwa mbuzi sokoni.

Hapa lazima nirudi nyuma, maana maisha ya baba yalianza kuharibiwa kabla hajazaliwa. Mwaka 1929, kiangazi kikiwa kikali, Abei alipeleka ng'ombe milima ya Loima, na kabla ya kuondoka akamruhusu mgeni mmoja, Lokeno, anyweshe mbuzi wake hapa mpaka mvua inyeshe, ndipo akapita ofisa mmoja wa kizungu, mchora ramani, mwenye darubini, punda na mkalimani, akawakuta wanawake wakiteka maji, akauliza hapa ni kwa nani, nao wakajibu kwa Lokeno, kama mtu yeyote wa kwetu angejibu, kwa sababu kwetu boma huitwa kwa jina la mwenye boma, na boma likihama, jina nalo hupandishwa juu ya punda pamoja na vibuyu na ngozi. Wanawake wale hawakudanganya, walijibu swali la siku ile. Yule bwana ndiye aliyeandika jibu la siku moja kama la milele, akaenda zake, na mvua iliponyesha Lokeno naye akahama, hakuonekana tena, lakini jina lake likabaki kwenye ramani, limelala juu ya visima vya mtu mwingine.

Baba alianza masomo Januari 1951 katika shule moja ya Lodwar, ambayo sitaitaja, na mwaka 1954, katika somo la jiografia, mwalimu alitundika ramani ukutani akamtaka kila mtoto aonyeshe kwao, baba akatafuta kwa kidole, akatafuta tena, mpaka mwalimu akachoka akapiga pale kwa fimbo akisema, "Kwenu hapa, Lokeno, huoni?" Baba akasema, "Mwalimu, huyo alikuwa mgeni wetu." Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akauliza, "Sasa wewe na ramani, nani mkubwa?" akamchapa, kisha akamfanya aandike neno Lokeno ubaoni mpaka ubao ukajaa, kwa herufi kubwa, zilizonyooka, na kila iliyopinda akaifuta airudie.

Mwandiko huo ndio uliomwajiri. Tarehe 3 Aprili 1962 aliandikwa kazi ya kuchora vibao vya barabara katika yadi ya ujenzi, Lodwar, akaifanya mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 1995, na yeyote kati yenu aliyepanda lori au basi kutoka Kitale kwenda Lokichoggio miaka hiyo aliongozwa na mkono wa baba yangu. Mwaka 1979 ukaletwa ubao wa mahali hapa, na majina yote yalitolewa kwenye ramani iliyobandikwa ukutani pale yadi, ndiyo sheria ya kazi yao. Jioni ile alirudi nyumbani akakaa bila kuvua viatu, mama akamwambia, "Kataa. Waambie brashi imevunjika," naye akajibu, "Nikikataa ataandika mwingine, na ataandika vibaya." Akaandika. Kila mwaka, mchanga ulipokwangua rangi, alitumwa akaikoleze tena, na mama akawa anamtania, "Karani wa Lokeno, chai yako hii," baba anacheka, anakunywa. Mimi sikuwahi kuona cha kuchekesha.

Alimwoa mama yetu, Arukudi, huko Lorugum, tarehe 12 Desemba 1964, kwa ng'ombe, ngamia na mbuzi, kama inavyotakiwa, ndoa ikabarikiwa kanisani Lodwar tarehe 18 Aprili 1971, na Mungu akawajalia watoto sita, wawili wakatangulia mbele ya haki, wanne tuko hapa mbele yenu.

Mwaka 1992 ndugu zetu wa Sudan walifika Kakuma wakikimbia vita, kambi ikafunguliwa, na shirika moja likahitaji uwanja wenye maji wa kujenga stoo. Mkutano ulifanyika ofisini kwa chifu, Kakuma, tarehe 9 Septemba 1992, mimi nikiwa kidato cha tatu, nimekaa sakafuni karibu na mlango. Mwenye mahali ndiye angeamua uzio upite wapi, na ndiye angeleta walinzi na vibarua. Hapo akatokea mheshimiwa diwani, mjukuu wa Lokeno, aliyezaliwa Lodwar, akalelewa Lodwar, na ambaye hajawahi kuteka hata kibuyu kimoja hapa, akasema ni kwao. Baba akasimama akaeleza habari za babu yangu Abei, aliyezikwa kando ya visima hivi mwaka 1958. Diwani akatandaza ramani mezani, akasema, "Mzee Losike, tuonyeshe Abei hapa." Baba akaisukuma ramani kando. "Haya, tuachane na ramani ya wazungu. Ule ubao wa barabarani aliandika nani? Si mkono wako huo, mzee? Ama uliuazima kwa mtu?" Ofisi nzima ikacheka, na baadhi ya waliocheka ninawaona leo, wameshika leso. Baba akasema, "Ni mkono wangu," akaketi, mahali pakaandikwa kwa diwani, mkutano ukaisha. Visima viwili vikaingia ndani ya uzio, kikabaki hiki kimoja, kando ya kaburi la Abei.

Baba alianza kuugua Agosti 1996, uvimbe wa tumboni, ule unaotoka kwa mbwa, ambao kwetu hakuna ukoo usioujua, akapasuliwa Lodwar mwezi Novemba, akapata nafuu, ukarudi, na tarehe 11 Machi 1997, saa tisa alasiri, akafariki. Ombi lake lilikuwa moja, alazwe kando ya baba yake, kwenye kisima kilichobaki. Kesho yake kaka yangu mkubwa akaenda kuomba ruhusa kwa diwani, naam, tuliomba ruhusa, na diwani akajibu, "Mzikeni. Mgeni hakatazwi pa kulala. Lakini nisione ubao wala msalaba wenye jina la Abei pale. Mkiandika, mtafukua." Kaka zangu wakasema twende tukamzike Lodwar, kwenye makaburi ya mji, kuliko kuvumilia tusi hili, nami nikawaunga mkono kwa sauti kubwa kuliko wote, mpaka mama akatukata: "Mume wangu aliniomba mahali. Hakuniomba jina." Ndiyo maana tuko hapa, na kwa Abei hapajaandikwa popote.

Kwa niaba ya familia, tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Lodwar, waliomhudumia baba bila kumkaripia. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa yadi, waliofika jana jioni na msalaba walioutengeneza kwa mikono yao, mweupe, wenye herufi zilizonyooka kama alivyowafundisha yeye mwenyewe, na wakauandika, kwa mazoea ya kazi, kwa kutazama ramani ya ukutani, ALIZALIWA LOKENO. Mama alipowaeleza, walilia. Hatuwalaumu. Muda wa kutengeneza mwingine hatukuwa nao, na huu tusingeweza kuwarudishia, kwa hiyo mtauona hapo kichwani, na baba yangu atalala chini ya mwandiko wake mwenyewe.

Tunawashukuru majirani wa kambini, Mzee Arop na vijana wake waliochimba kaburi hili tangu juzi, na mama Abuk na wenzake, ambao tangu walipofika huenda kuteka maji "kwa Abei", jina hilo hilo, kila asubuhi. Hakuna aliyewaonyesha ramani. Walimkuta mtu kisimani, wakamuuliza hapa ni kwa nani, na siku hiyo, kwa bahati, mtu huyo alikuwa baba.

Mwisho, tunamshukuru mheshimiwa diwani, aliyeketi pale kivulini, kwa kuturuhusu kumzika baba yetu kwao. Nina habari zako pia, mheshimiwa. Januari shirika lilibandika ramani mpya ofisini kwao, Kakuma, nikaenda kuitazama. Nilimtafuta Lokeno kwa kidole, nikatafuta tena, kama baba alivyotafuta mwaka 1954. Hayupo. Mahali hapa sasa panaitwa Stoo ya Nne. Pole sana.

Ulitukataza kuandika, na tumetii. Kutaja hukukataza. Kwa hiyo jeneza likishuka, katekista atauliza tunamzika kwa nani, na mtamjibu, nyote, hata mliocheka mwaka ule. Kisha wenyeji tutaanza kutupa udongo, wageni watafuata, na mheshimiwa diwani atakuwa wa kwanza kati ya wageni.

Losike mwana wa Abei, umefika nyumbani. Pumzika kwa amani, kwa Abei.